Rangi Ikitoka, Majini Kimebaki Nini?



Leo nataka tuzungumze juu ya maji yanayotoka katika viwanda vya kutia nguo rangi, na juu ya umeme, maana siku hizi viwili hivi vinatajwa kwa pumzi moja. Wanaonadi mitambo ya kusafisha maji hupenda kuonyesha glasi mbili. Ya kwanza ina maji ya buluu nzito, huoni upande wa pili. Ya pili ina maji meupe pe. Kilichopita katikati, wanatuambia, ni umeme tu: vibati vya chuma, nyaya mbili na dakika chache. Watu hupiga makofi, na wana haki, kwa sababu jambo lenyewe ni kweli. Umeme unaweza kuyaondolea maji rangi, na unaiondoa upesi kuliko njia nyingi tulizozizoea.

Mimi nina swali ambalo ningependa kila mkaguzi wa mazingira, kila mwenye kiwanda na kila fundi wa batiki aliulize kabla ya makofi. Rangi imetoka, sawa. Imekwenda wapi? Na katika maji hayo meupe kimebaki nini?

Twende kwanza India ya kusini, katika jimbo la Tamil Nadu. Kuna mji unaitwa Tiruppur. Ukiwa na fulana ya pamba iliyotoka India, inawezekana kabisa ilifumwa, ikatiwa rangi na kushonwa huko, kwa sababu mji mzima unaishi kwa fulana. Unapitiwa na mto Noyyal, unaokwenda kuingia katika mto mkubwa wa Kaveri. Mwaka 1992 bwawa la Orathupalayam lilianza kazi chini ya mji huo, limejengwa ili wakulima wapate maji ya kumwagilia. Haikuchukua miaka mingi bwawa likawa ghala la maji taka ya viwanda vya rangi. Wakulima, wale wale waliojengewa bwawa, wakaishia mahakamani kudai wakingwe na maji yaliyomo. Kesi zilivuta miaka. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vya Tiruppur vifungwe na vikatiwe umeme. Mamia ya viwanda vilisimama. Vilivyorudi kazini vilirudi kwa sharti la kutomwaga hata tone mtoni: maji yote yachujwe, yanayobaki yachemshwe mpaka yakauke, na kinachopatikana kirudishwe kiwandani.

Nimeanza na Tiruppur kwa sababu moja. Bwawa lile lilikuwa na rangi ya kutisha, na picha zake zilikuwa za rangi. Lakini kilichoharibu udongo na visima vya wakulima zaidi ya kitu kingine kilikuwa chumvi. Kutia pamba rangi za kisasa, zile zinazojifunga na uzi wenyewe, kunahitaji chumvi nyingi mno: gramu 40, gramu 60, hata gramu 100 katika kila lita, kadiri rangi inavyotakiwa kukolea. Maji ya bahari yana gramu kama 35. Na chumvi hiyo haiingii kwenye nguo. Kazi yake ni kuisukuma rangi iyaache maji iende kwenye uzi. Ikishamaliza, yote humwagwa.

Sasa chukulia mtu angefika Orathupalayam na mtambo wa umeme, akaondoa wekundu wote na ubuluu wote. Bwawa lingependeza. Picha zingepigwa, viongozi wangekata utepe, na mkulima angemwagilia shamba lake chumvi ile ile, gramu kwa gramu. Mitambo mingi ya umeme inayouzwa kwa ajili ya kuondoa rangi haigusi chumvi kabisa. Tena inaihitaji, kwa kuwa maji yenye chumvi ndiyo yanayopitisha umeme vizuri.

Hapo jicho limeshatudanganya mara moja. Linatudanganya tena mahali pabaya zaidi, na ili tupafike lazima tujue rangi hizi ni kitu gani.

Mwaka 1856 kijana Mwingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa likizoni nyumbani kwao London, anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mabaki ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi ambao ulipoyeyushwa katika spiriti ulitoa zambarau safi, na zambarau hiyo ikashika hariri isitoke. Kutoka hapo, viwanda vya Uingereza na Ujerumani viliacha kutafuta rangi kwenye magome, mizizi na wadudu, vikawa vinazitengeneza kwa maelfu. Vilikuwa vinatafuta sifa ile ile ambayo mama anaitafuta dukani anapoipindua kanga na kumuuliza muuzaji kama inachuja. Rangi isiyotoka kwa jua, isiyotoka kwa sabuni wala jasho. Tukaipata. Na rangi isiyoogopa jua, sabuni wala jasho haiogopi mto. Bakteria wa kawaida wanaosafisha maji taka kwenye mabwawa ya mji huipita bila kuigusa, maana iliundwa isiliwe.

Kiasi kinachopotea si kidogo. Zile rangi zinazojifunga na uzi, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1956, hazishiki zote. Katika kila sehemu 100 zinazotiwa kwenye sufuria, sehemu 10 hadi 40 hubaki majini, kutegemea aina ya rangi na umakini wa fundi. Na jicho la binadamu ni kali: rangi nyingi huonekana hata zikiwa miligramu 1 tu katika lita. Maji yakiwa meusi, mwanga wa jua haufiki chini, majani ya majini hayatengenezi oksijeni, na samaki hukosa pumzi. Kwa hiyo sitaki mtu anisikie vibaya. Kuondoa rangi ni kazi yenye faida, na mto unaopata mwanga ni mto ulioanza kupona.

Lakini sikiliza habari ya rangi moja, yenye jina litakalowashangaza wasikilizaji wetu wa Lubumbashi na Bukavu. Inaitwa Nyekundu ya Kongo. Haikutoka Kongo, wala hakuna kitu cha Kongo ndani yake. Aliitengeneza mkemia Mjerumani, Paul Böttiger, na kampuni ya AGFA ya Berlin ikaiingiza sokoni mwaka 1885, mwaka ule ule ulipomalizika mkutano wa Berlin ambapo mataifa ya Ulaya yaligawana njia za kuingilia Afrika. Jina la Kongo lilikuwa katika kila gazeti la mji, na wauza rangi wakalichukua litangaze mali yao. Ilikuwa rangi ya kwanza ya kutengenezwa kiwandani iliyoshika pamba moja kwa moja, bila dawa ya kuishikiza, na ikaleta fedha nyingi. Leo watafiti wa kusafisha maji huitumia mara kwa mara katika majaribio yao, kwa kuwa inapatikana kirahisi na kupungua kwake kunapimika vizuri.

Molekuli ya rangi hii imekaa kama mkufu wa shanga. Shanga ni pete za kaboni, na kinachoziunganisha ni jozi za atomi za naitrojeni, kiungo ambacho wanakemia wanakiita azo. Wekundu unakaa kwenye kuungana huko. Kata uzi, na mkufu haupo tena, wekundu umekwisha, maji ni meupe. Ila shanga zote zingali sakafuni. Na shanga ya katikati ya Nyekundu ya Kongo, ukiikata kwa namna fulani, ni kitu kinachoitwa benzidini.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka benzidini katika kundi lake la kwanza, la vitu visivyo na shaka kwamba vinampa binadamu saratani. Saratani yake hushambulia kibofu cha mkojo. Mapema kabisa, mwaka 1895, daktari wa upasuaji mjini Frankfurt aitwaye Ludwig Rehn alieleza uvimbe wa kibofu aliouona kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Na huko Kyoto, Japani, watafiti walikuja kugundua saratani ya kibofu kwa wingi usio wa kawaida miongoni mwa watu wa kazi ya kutia hariri rangi na kuchora kimono. Wachoraji walikuwa na desturi ya kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Walimeza rangi za jamii ya Nyekundu ya Kongo kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, na bakteria wa tumboni mwao wakafanya kazi ya kukata uzi wa azo.

Kukata huko ndiko kunakoweza kutokea pia katika mtambo wa umeme. Kila mtambo una pande mbili. Upande mmoja, kathodi, unayapa maji elektroni. Upande wa pili, anodi, unayanyang'anya. Kathodi ikiipa elektroni rangi ya azo, inaweza kuipasua pale pale kwenye kiungo na kuacha vipande ambavyo jicho halivioni. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, ulipiga marufuku katika nguo zinazogusa ngozi rangi za azo zinazoweza kuachia vipande vya namna hiyo, viitwavyo amini, vya aina 22 zilizotajwa moja moja, benzidini ikiwemo. Kama vipande hivyo havifai kugusa shingo ya mtoto wa Ulaya, havifai kuingia katika bonde la mchicha la mtu yeyote.

Basi umeme unafanyaje kazi, na lini unastahili sifa? Kuna njia tatu kubwa, na zinachanganywa sana, wakati mwingine kwa makusudi ya biashara.

Ya kwanza tunaifahamu hata kama hatujawahi kuona mtambo wake. Wazee wetu walituliza maji ya tope kwa shabu. Jiwe la shabu likizungushwa mtungini, baada ya muda tope hushikana, hushuka chini, na maji ya juu huchotwa meupe. Wengine walitumia mbegu za mlonge. Ndani ya shabu kinachofanya kazi ni alumini. Sasa badala ya jiwe, weka majini vibati viwili vya alumini au vya chuma na upitishe umeme wa betri, ule unaokwenda upande mmoja. Kibati cha anodi kinayeyuka polepole, ayoni zake zinaungana na maji kuwa vijiwingu laini, na rangi inanaswa humo. Upande wa pili vinatoka viputo vya haidrojeni, ambavyo hubeba sehemu ya uchafu juu ukawa povu. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1889, London, maji taka ya mji yalikuwa yanajaribiwa kwa vibati vya chuma na umeme. Na kanuni zake ni za zamani zaidi, za Michael Faraday wa miaka ya 1830, ambazo zinatuwezesha kupiga hesabu kabla ya kununua chochote. Ampea 1 ikipita kwa saa 1 inayeyusha takriban gramu 1 ya chuma, au theluthi moja ya gramu ya alumini. Hapo hakuna siri ya muuzaji.

Uzuri wa njia hii ni wepesi wake. Lakini rangi haikuvunjwa. Imehama, kutoka majini kwenda kwenye tope. Gramu 100 za chuma zikiyeyuka zinatoa karibu gramu 190 za tope likiwa kavu kabisa, bila kuhesabu rangi iliyonaswa; na tope halitoki likiwa kavu, linatoka limejaa maji, zito na lenye kuteleza. Likitupwa nyuma ya uzio, mvua ya kwanza ya masika italirudisha kule lilikotoka. Ninaposikia mtu anasifia mtambo wa namna hii bila kutaja tope, najua hajamaliza hadithi.

Njia ya pili inatumia ile chumvi iliyoko majini. Badala ya vibati vinavyoyeyuka, unaweka anodi isiyoyeyuka, kwa kawaida titani iliyopakwa oksaidi ya ruteni, ambayo viwanda vya klorini vimekuwa vikiitumia tangu miaka ya 1960 na 1970. Umeme unaigeuza chumvi kuwa klorini, na klorini ikichanganyika na maji inakuwa ndugu wa ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ambayo wengi tunaiita jiki. Kila mwenye nyumba anajua jiki inafanya nini kwenye kitenge. Rangi inakufa upesi ajabu, na gharama ni ndogo kwa kuwa chumvi imeshalipiwa. Shida ni kwamba klorini haiishii kuvunja. Inajishikiza kwenye vipande vya kaboni na kutengeneza vitu vipya, vingine vya jamii ya klorofomu, ambavyo baadhi ni vigumu zaidi kuviondoa kuliko rangi ya mwanzo. Kwa maji yanayorudi sufuriani kiwandani, njia hii ina nafasi yake. Kwa maji yanayokwenda kwenye kisima cha mtu, mimi ningeogopa.

Ya tatu ndiyo inayonipa matumaini makubwa, nayo ndiyo ghali. Anodi yake ni almasi. Usifikirie mgodi wa Mwadui: almasi hii huoteshwa maabara kutokana na gesi, ikawa ngozi nyembamba juu ya kibati, na hutiwa boroni kidogo ili ipitishe umeme, maana almasi tupu haipitishi. Juu ya ngozi hiyo maji yenyewe yanapasuka na kutoa haidroksili huru, kipande cha atomi moja ya oksijeni na moja ya haidrojeni chenye njaa ya elektroni kupita karibu kitu chochote unachoweza kukitengeneza majini. Hakichagui. Kinavunja kiungo cha azo, kinapasua pete za kaboni, kinakata vipande kuwa asidi ndogo ndogo, na ukikipa muda kinazimaliza ziwe gesi ya kaboni dayoksaidi na maji. Hapa shanga zenyewe zinasagwa. Huko Lausanne, Uswisi, Christos Comninellis alieleza katika miaka ya 1990 kwa nini anodi nyingine huishia njiani na nyingine hufika mwisho, na maelezo yake ndiyo yanayofundishwa hadi leo.

Kuna binamu wa njia hii asiyehitaji almasi. Mwaka 1894 Mwingereza Henry Fenton aliandika kwamba haidrojeni peroksaidi ikikutana na chuma kidogo hupata nguvu ya kuunguza asidi ya zabibu ambayo peke yake isingeweza. Nguvu hiyo, tulikuja kujua baadaye, ni haidroksili ile ile. Wanasayansi wa Barcelona na Paris, Enric Brillas na Mehmet Oturan wakiwa mstari wa mbele, walionyesha kwamba huna haja ya kununua peroksaidi. Puliza hewa kwenye kathodi ya kaboni, na umeme utaitengeneza humo humo kutokana na oksijeni ya hewa. Brillas na wenzake wakaongeza jua, kwa kuwa mwanga huvunja yale mafungamano ya chuma na asidi ambayo giza huyaacha. Sisi tunaoishi kwenye mstari wa Ikweta tungepaswa kuwa tunazisoma kazi hizo kwa bidii kuliko mtu yeyote. Paneli ya jua inatoa umeme wa upande mmoja, na umeme wa upande mmoja ndio mtambo huu unaoutaka. Hata kile kifaa cha kubadili umeme kwa ajili ya taa na feni za nyumbani hakihitajiki.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo ahadi nyingi huvunjika. Naomba uniazime sikio, nitakwenda polepole. Tuchukue maji taka ya lita 1,000. Tuseme tunataka kuondoa rangi tu kwa vibati, na gramu 100 za chuma zinatosha. Faraday anatuambia tunahitaji ampea-saa 96 hivi. Kwa volti 10, hiyo ni karibu yuniti 1 ya umeme, yuniti zile zile unazonunua kwa tokeni. Yuniti moja kwa lita elfu. Ni nafuu kweli.

Sasa tuseme tunataka kuuunguza uchafu wote uishe. Maji ya kiwanda cha nguo yanaweza kabisa kuwa na uchafu unaohitaji gramu 1 ya oksijeni kwa kila lita ili uungue; katika lita 1,000 hiyo ni kilo 1. Kutoa nguvu inayolingana na kilo 1 ya oksijeni kunahitaji ampea-saa 3,350. Kwa volti 5, ni yuniti karibu 17. Na hizo 17 ni kama hakuna elektroni hata moja iliyokwenda bure. Katika mtambo halisi nyingi zinakwenda bure, hasa mwishoni, uchafu unapokuwa umebaki kidogo na haidroksili, ambayo maisha yake ni mafupi kuliko kufumba jicho, inakufa kabla ya kukutana na chochote. Yuniti za mwisho ndizo zinazosafisha kidogo kuliko zote.

Moja na kumi na saba. Muuzaji anayekuonyesha maji meupe na kukutajia bei ya yuniti moja hajasema uongo wowote. Amekuuzia kazi moja, na wewe umeelewa kazi nyingine.

Kwa maoni yangu, njia ya busara ni kutoung'ang'ania umeme ufanye kila kitu. Uachiwe kazi ambayo bakteria hawaiwezi, ya kupasua zile pete ngumu, na mara vipande vinapokuwa asidi ndogo zinazolika, mkondo uzimwe na maji yapelekwe kwa bakteria, ambao hawaleti ankara. Watafiti wengi wanaelekea huko, na hesabu inawaunga mkono. Ila hii inadai mtu wa kupima, ajue ni lini pa kuzima. Mtambo wenyewe hautamwambia, na rangi haitamwambia, kwa sababu rangi hutoweka mapema, vipande vya hatari vikiwa bado vimejaa.

Ndipo ninapowageukia wakaguzi wetu. Tanzania ina kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007, Kenya nayo ina zake, na zote zinaweka kikomo cha rangi pamoja na kikomo cha uchafu unaotaka oksijeni. Kikomo cha pili kina kipimo chake: sampuli huchemshwa na kemikali kali kwa saa 2, kwenye nyuzi joto 150, kisha husomwa. Kuangalia kwa jicho ni sekunde moja, na ninaelewa kishawishi cha kuridhika nalo, hasa mkaguzi akiwa na viwanda kumi vya kutembelea na gari moja. Lakini kiwanda kikishaweka mtambo wa umeme, jicho linapoteza kazi yake kabisa. Kuanzia siku hiyo rangi si ushahidi tena. Kipimo cha oksijeni kichukuliwe, na kifaa kidogo cha kupimia chumvi, ambacho kinaingia mfukoni, kitumbukizwe kila safari. Tiruppur walijifunza habari ya chumvi kwa mashamba yao.

Na dada zangu wa batiki, sikuwasahau. Wanaofanya kazi hii nyumbani, kwa mishumaa, kostiki soda na ule unga wa haidrosi wa kuyeyushia rangi, hawana mtambo wala hawataupata kesho. Mtu akikushawishi ujitengenezee wa vibati kwa chaja ya betri, mwombe fundi umeme akusaidie, na usiufanyie ndani. Haidrojeni inayotoka inalipuka kwa cheche moja, na maji yakiwa na chumvi nyingi utavuta klorini. Kinachowezekana leo ni kidogo zaidi na kina maana zaidi. Yatenge maji ya sufuria ya kwanza, yale mazito ya rangi, na yale ya suuza. Ya kwanza ni machache, na ndiyo yenye sehemu kubwa ya taka. Yakae katika pipa lake lenye kifuniko, mbali na kisima na mbali na mfereji. Sufuria ya rangi nyeusi ya leo inaweza kuongezwa rangi kesho badala ya kumwagwa. Mkiwa kumi mtaani wenye mapipa kumi, mna mzigo wa kutosha kumwita mtu wa chuo aje apime, na mna sauti ya kuiuliza halmashauri yenu pa kuyapeleka. Huko Dornbirn, Austria, Thomas Bechtold na wenzake wamefika hatua ya kuitumia kathodi badala ya haidrosi, umeme ukaiyeyusha rangi ya buluu ya jinzi bila ule unga, na maji yale yale yakarudiwa. Hiyo ni kathodi ile ile niliyowaonya nayo muda mfupi uliopita, imewekwa mahali inapofaa.

Na tope, kwa yeyote mwenye mtambo wa vibati: likaushwe chini ya paa, kwenye sakafu ya saruji yenye ukingo, liwekwe kwenye magunia yaliyoandikwa lilikotoka na tarehe, na asipewe mtu yeyote kwa ajili ya kutengenezea mbolea wala kujazia kiwanja.